Nyota moja kwa macho, mbili kwenye darubini: je, lenzi yetu ni mbovu?

*Shikamoo mwalimu. Ninafundisha fizikia katika sekondari moja hapa Iringa na tuna kilabu cha sayansi. Tumepata darubini ya msaada yenye lenzi ya milimita 70. Juzi usiku tuliielekeza kwenye nyota kali kuliko zote karibu na Msalaba wa Kusini. Kwa macho ni nyota moja. Tulipotumia kilenzi cha kutazamia cha milimita 25 ilionekana ndefundefu, si nukta. Tulipoweka cha milimita 10 zikawa mbili zimebanana, moja kali na nyeupe, nyingine hafifu kidogo, kama ya rangi ya chungwa. Nyota kali ya jirani ilibaki moja. Mwenzangu mmoja anasema lenzi ina kasoro. Mwingine anasema hizo ndizo zile nyota mbili zinazoelekeza kwenye Msalaba, kwa hiyo si ajabu. Wanafunzi nao wana yao: kama ni mbili kweli, zitagongana? Nani amezipima uzito na hakuna aliyefika? Kuna sayari yenye majua mawili? Na kijana mmoja wa kidato cha pili anasema yeye huona nyota zote mbilimbili hata bila darubini, mpaka wenzake wamempa jina la "Darubini". Niwajibu nini?*

Marahaba, mwalimu. Umeuliza mengi kwa pumzi moja na nitayajibu, ila naanza na lile uliloliweka mwisho kama mzaha, kwa kuwa ndilo pekee lisiloweza kusubiri.

Kijana huyo hana macho makali. Ana tatizo la macho. Jicho zima la binadamu hutenganisha vitu viwili vikiwa vimeachana angalau dakika moja ya tao hivi, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Nyota mlizoziona kwenye darubini zimebanana zaidi ya hapo karibu mara saba, kwa hiyo hakuna anayeweza kuziona mbili kwa macho matupu, achilia mbali kuona nyota *zote* mbilimbili. Leo usiku mwambie afunike jicho moja kwa kiganja atazame nyota moja, kisha abadilishe jicho. Ikiwa kwa jicho moja tu bado anaona mbili, mara nyingi kasoro iko ndani ya jicho lenyewe. Huenda kioo cha mbele cha jicho hakikupinda sawasawa, jambo ambalo miwani hurekebisha. Huenda pia ni ugonjwa wa kioo hicho kuchongoka taratibu, ambao hupenda kuanza katika umri wa ujana na ukiwahiwa unaweza kuzuiwa usiendelee. Lakini ikiwa nyota inarudi kuwa moja anapofunika jicho lolote, basi macho yake mawili hayaelekei mahali pamoja, na hapo tunazungumzia misuli au mishipa ya fahamu. Kwa vyovyote vile aende kliniki ya macho hospitalini, asiende kujaribujaribu miwani sokoni. Na ikiwa hali hiyo imeanza ghafla, au inaambatana na kichwa kuuma sana au kope kulegea, aende siku hiyohiyo. Mimi ni mtu wa nyota, si daktari wa macho, kwa hiyo naishia hapo. Lile jina wenzake waliache.

Sasa darubini. Lenzi yenu ni nzima, na ushahidi umeuandika mwenyewe: nyota ya jirani ilibaki moja. Lenzi yenye kasoro haina upendeleo. Ingefanya kila nyota kali kuwa na mwenza, wote upande uleule, kwa umbali uleule. Ukitaka kuwatuliza wenye shaka, fanya majaribio mawili. Kwanza, zungusha kilenzi cha kutazamia ndani ya bomba lake bila kugusa kitu kingine. Kasoro ikiwa ndani ya kilenzi, picha pacha itazunguka nacho. Nyota mbili za kweli zitabaki zilivyo. Pili, elekezeni darubini kwenye nyota yoyote kali iliyo moja, kisha haribuni fokasi kidogo kwa makusudi. Mtaona duara lenye pete ndani yake. Pete zikiwa zimepangana vizuri kuzunguka kitovu, lenzi imekaa sawa. Zikiwa zimesukumwa upande mmoja, imepinda, na hapo kuna kazi nitakayoitaja baadaye.

Jambo moja la kwenu Iringa: usiku wa mwezi wa sita kwenu si wa mchezo, na darubini iliyotoka chumba chenye joto ikawekwa nje kwenye baridi hutoa picha inayochemka. Itoeni nje nusu saa kabla. Waalimu wengi huilaumu lenzi kwa dhambi ya hewa.

Mlichokiona ni Alfa Kentauri, ambayo vitabu vya falaki vya Kiswahili huiita Rijili Kantori. Ni ya tatu kwa ukali katika anga lote la usiku, baada ya Shira na Suheli. Kwenu hupanda hadi digrii 37 hivi juu ya upeo wa kusini, urefu mzuri ambao wenzetu wa Ulaya wanautamani bure, maana kwao haichomozi kabisa. Na ni nyota mbili kweli. Wanafalaki huziita A na B. A peke yake ina ukali wa takribani 0, B ina 1.3, na kwa kuwa kipimo hicho huhesabiwa kinyumenyume (namba ndogo ndiyo kali), A huonekana kali kuliko B mara tatu na zaidi. Rangi mlizoziona ni za kweli pia, ingawa jicho limeongeza chumvi. Uso wa A una joto la kelvini karibu 5,800, kama Jua letu. Wa B una karibu 5,260. Tofauti hiyo ni ndogo, ila nyota mbili zikikaa pamoja jicho hulinganisha, na ile iliyopoa kidogo huonekana ya chungwa kuliko ilivyo. Wanafunzi wengine watasema zote ni za njano. Msigombane, kila mmoja aandike alichokiona.

Mwenzako wa pili amechanganya mambo mawili. Nyota mbili zinazoelekeza kwenye Msalaba wa Kusini ni Alfa Kentauri na jirani yake Hadari, ambayo pia huitwa Beta Kentauri. Hizo zinaonekana mbili kwa macho ya kila mtu, zimeachana digrii zaidi ya nne. Lakini ujirani wao ni wa kuonekana tu. Alfa Kentauri iko umbali wa takribani miaka ya nuru 4.35 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Hadari iko karibu miaka ya nuru 390. Zimesimama kwenye mstari unaokaribiana tukizitazama kutoka hapa, basi. A na B ni habari nyingine kabisa: ziko mahali pamoja, zimefungwa pamoja na mvutano, na kila moja inamzunguka mwenzake.

Kujua tofauti hiyo kulichukua zaidi ya karne. Aliyeandika kwanza kwamba Alfa Kentauri ni mbili alikuwa padri Mjesuiti Mfaransa, Jean Richaud, mwaka 1689, akiwa Pondicherry nchini India akifuatilia nyota yenye mkia. Wakati ule na kwa muda mrefu baadaye wengi walidhani nyota pacha ni bahati ya mstari tu, kama hiyo ya Hadari. William Herschel, mwanafalaki wa Uingereza, ndiye aliyeonyesha mwaka 1803, kwa vipimo alivyokusanya kwa miaka mingi, kwamba baadhi ya nyota hizo zinazungukana. Alikuwa ameanza kuzipima kwa lengo tofauti kabisa, kutafuta umbali wa nyota. Hakuupata, akapata hili, na sijui kama kuna hasara iliyolipa zaidi katika falaki.

Nafika sasa kwenye swali ninalolipenda kuliko yote uliyoniletea: nani amezipima uzito na hakuna aliyefika? Nitakawia hapa, kwa sababu wanafunzi wako wa kidato cha nne wanaweza kuifanya hesabu hii wenyewe ubaoni.

Vinahitajika vitu vitatu. Cha kwanza ni muda wa mzunguko. Tangu miaka ya 1830, alipokuwa John Herschel, mwana wa William, kule Rasi ya Tumaini Jema, watu wamekuwa wakipima B iko upande gani wa A na kwa umbali gani. Tangu hapo nyota hizi zimeshamaliza zaidi ya mizunguko miwili, kwa hiyo muda unajulikana vizuri sana: miaka 79.8. Cha pili ni ukubwa wa njia yao jinsi unavyoonekana kutoka hapa. Huo ni pembe, si kilomita. Ukirekebisha ule mlalo wa njia yao, nusu ya kipenyo chake kirefu inatoka sekunde za tao 17.5. Sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Mwezi mpevu una sekunde za tao karibu 1,800 kutoka ukingo hadi ukingo, kwa hiyo hapo tunazungumzia sehemu moja ya mia ya upana wa Mwezi.

Cha tatu ni umbali, ili pembe igeuke kuwa kilomita. Dunia inapozunguka Jua, mwezi wa kwanza na wa saba tunakuwa pande mbili zilizoachana kilomita milioni 300. Nyota iliyo karibu huonekana kuhama kidogo mno mbele ya nyota za mbali. Thomas Henderson, mwanafalaki wa Kiskoti, alipima kuhama huko kwa Alfa Kentauri akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833. Alikawia kuchapisha hadi 1839, na wakati huo Friedrich Bessel wa Ujerumani alikuwa ameshatangaza umbali wa nyota nyingine mwaka 1838 na kuchukua sifa ya kuwa wa kwanza. Namba ya Henderson ilizidi. Ya leo ni sekunde za tao 0.75.

Sasa hesabu. Gawanya 17.5 kwa 0.75 upate 23.3. Huo ni umbali wa wastani kati ya A na B, ukihesabiwa kwa umbali wa Dunia na Jua, yaani mara 23.3 ya kilomita milioni 150. Kisha tumia kanuni ya tatu ya Kepler jinsi Newton alivyoikamilisha: chukua umbali huo uzidishe wenyewe mara tatu, ugawanye kwa muda wa mzunguko uliozidishwa wenyewe mara mbili. 23.3 × 23.3 × 23.3 ni karibu 12,650. 79.8 × 79.8 ni karibu 6,370. Gawanya: 1.99. Jibu hilo ni tungamo (kiasi cha maada, ndio huo mnaouita uzito) la nyota zote mbili pamoja, kipimo chake kikiwa Jua letu. Nyota mbili, karibu Jua mara mbili kamili, kwa kalamu na karatasi.

Kugawana je, nani kabeba ngapi? Mfikirie mbeba maji wa mzega, ndoo mbili kwenye mti mmoja begani. Ndoo zikiwa sawa bega hukaa katikati ya mti. Moja ikiwa nzito, husogeza bega upande wa hiyo nzito ndipo mti usimame. A na B nazo zina "bega" lao, sehemu isiyo na kitu chochote ambayo zote mbili huizunguka. Ukipima kila moja inatembea umbali gani kuzunguka sehemu hiyo, au inakwenda kwa kasi gani kwa kutazama jinsi mistari ya rangi katika mwanga wake inavyosogea huku na huko, unapata uwiano. Inaonekana A hukaa karibu na kitovu hicho kuliko B: katika kila sehemu 100 za umbali kati yao, A ina 46 na B ina 54. Kwa hiyo A ndiyo nzito. Tungamo lake ni 1.08 ya Jua, na la B ni 0.91. A ni pana kuliko Jua kwa asilimia 22 na inatoa nuru karibu mara moja na nusu ya Jua. B ni ndogo, nuru yake ni nusu ya Jua.

Wanafunzi wakiuliza faida yake, waambie hivi: nyota iliyo peke yake haina mzega. Hakuna kitu cha kuivuta tukaona inavutwa kiasi gani. Tungamo la nyota pekee linakadiriwa kwa kulinganisha nuru na rangi yake na zile za nyota pacha ambazo zimeshapimwa. Ukikuta kitabuni kwamba nyota fulani ina tungamo la Jua mara tano, mizizi ya namba hiyo iko kwenye jozi kama hii mliyoiona.

Zitagongana? Hapana. Njia yao si duara, imevutika sana, kwa hiyo umbali kati yao hubadilika. Zikikaribiana kabisa huwa umbali wa mara 11.2 ya Dunia na Jua, zaidi kidogo ya umbali wa Zohali na Jua. Zikiachana kabisa hufika 35.6, kupita Neptuni. Hata kwenye ukaribu wa mwisho, pengo kati yao ni kilomita bilioni 1.6 na zaidi, pengo ambalo ungeweza kulijaza na nyota kama A karibu elfu moja zikiwa zimepangwa kwa mstari. Zina umri wa takribani miaka bilioni 5. Wamezungukana, kwa kukadiria, zaidi ya mara milioni 60 na hawajagusana. Ukaribu ujao ni mwaka 2035, na hakuna kitakachotokea. Kuhusu sisi kudhurika, mfumo wote huo kwa kweli unatukaribia, na katika miaka kama 27,000 hivi utapita kwa karibu zaidi ya leo, miaka ya nuru karibu 3. Hapo pia hakuna cha kuogopa. Utaonekana mkali zaidi tu.

Zipo nyota pacha ambazo kweli hazipeani nafasi, na moja mnaweza kuifuatilia bila darubini. Algoli, upande wa kaskazini, hufifia kila baada ya siku 2 na saa karibu 21 hadi kubaki na theluthi moja hivi ya ukali wake, kisha hurudi, shughuli nzima ikichukua saa kama kumi. Mwaka 1783 kijana wa Kiingereza aliyekuwa kiziwi, John Goodricke, alipendekeza kwamba kuna kitu cheusi kinachopita mbele yake. Alikuwa na umri wa miaka 18. Leo tunajua ni nyota mbili zinazofichana, zilizokaribiana kiasi kwamba moja imemwaga sehemu ya mwili wake juu ya nyingine. Iliyokuwa nzito zamani ndiyo nyepesi leo. Ubaya ni kwamba Algoli hukaa vizuri jioni za Desemba, na Desemba kwenu ni mvua. Mkipata usiku ulio wazi, msiuache.

Sayari yenye majua mawili ni swali ambalo lazima nikujibu kwa tahadhari, maana hapa ndipo habari za mitandaoni huzidi ukweli. Mwaka 2012 ilitangazwa sayari kuzunguka B. Mwaka 2015 wachunguzi wengine walipitia vipimo vilevile wakaonyesha kwamba haikuwapo, ilikuwa ni namna data ilivyokusanywa iliyojichora kama sayari. Mwezi Agosti 2025 kundi jingine lilitangaza kwamba darubini ya anga ya James Webb iliona mwaka 2024 nukta karibu na A inayoweza kuwa sayari kubwa ya gesi, yenye tungamo kama la Zohali. Walipotazama tena mwaka 2025 hawakuiona, jambo ambalo linaweza kuelezwa na sayari kusogea karibu mno na nyota yake. Kwa hiyo ni mgombea, bado hajaapishwa. Waambie wanafunzi waandike hivyohivyo.

Ila hesabu zinaonyesha kwamba sayari *zinaweza* kudumu pale, mradi zikae ndani ya umbali wa mara mbili na kitu wa Dunia na Jua kutoka kwa nyota moja. Zikitoka nje zaidi, nyota ya pili huzivuruga. Ungesimama kwenye sayari ya A mahali penye joto kama letu, B isingekuwa jua la pili la kukuunguza. Kwa hesabu yangu ingekuwa nukta kali mno, ikizidi Mwezi mpevu kwa zaidi ya mara mia moja ikiwa mbali, na kwa zaidi ya mara elfu moja ikiwa karibu. Ungesoma gazeti usiku bila taa kwa miezi kadhaa ya kila mwaka. Joto lake usingelisikia.

Na kuna wa tatu. Watu husema Alfa Kentauri ndiyo nyota ya karibu zaidi baada ya Jua. Kwa usahihi, heshima hiyo ni ya mwenza wao mdogo, Proksima, aliye umbali wa miaka ya nuru 4.25. Aligunduliwa mwaka 1915 na Robert Innes huko Johannesburg. Ni nyota nyekundu ndogo, tungamo lake ni kama sehemu moja ya nane ya Jua, na huwazunguka hao wawili mara moja kwa takribani miaka 550,000. Hiyo ndiyo yenye sayari iliyothibitishwa: ilitangazwa Agosti 2016, tungamo lake si chini ya la Dunia, na mwaka wake ni siku 11.2. Iko kwenye umbali ambapo maji yangeweza kuwa kimiminika, lakini Proksima hulipuka milipuko mikali ya mara kwa mara, na sijaona sababu ya kumwahidi mtoto viumbe huko. Msiitafute kwa darubini yenu. Iko digrii mbili na kidogo kutoka kwa A na B, na kwa lenzi ya milimita 70 ni kuhangaika bure kati ya vinukta vinavyofanana. Kama kuna atakayeuliza kuhusu kusafiri kwenda huko, chombo Voyager 1 kinakwenda kilomita 17 kwa sekunde, na kwa mwendo huo safari ni zaidi ya miaka 70,000.

Mtafanya nini na darubini yenu sasa? Kama ningekuwa na kilabu hicho ningechora. Wakati huu A na B zinaonekana zimeachana takribani sekunde za tao 9. Pengo linaongezeka hadi kufika kama 10 karibu mwaka 2029, kisha litaanza kufumba kwa kasi hadi karibu 1.7 mwaka 2037 hivi. Angalieni hapa, maana ndipo wanafunzi wenye akili hukwama: mpaka 2029 zitaonekana zikiachana wakati kwa kweli zinakaribiana, kuelekea ule ukaribu wa 2035. Sababu ni kwamba njia yao tunaitazama karibu kwa ubavu, imelala digrii 79, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwendo wao ni wa kuja kwetu na kwenda mbali nasi, ambao jicho haliuoni. Mwaka 1976 pengo lilikuwa sekunde 22, na litarudi huko mwaka 2056.

Kila mwaka, mwezi Juni au Julai, saa tatu usiku hivi wakati nyota hii iko juu kabisa upande wa kusini, kila mwanafunzi achore duara la anachokiona, aweke A katikati na B mahali pake. Zimeni mwendo wa darubini ili nyota ziteleze zenyewe. Upande zinakopotelea nje ya duara ni magharibi, na hiyo inawapa dira ya mchoro. Tarehe, saa, kilenzi kilichotumika, na hali ya anga viandikwe. Kwa mwaka mmoja hamtaona tofauti. Kwa mitatu minne, hasa ule upande B inaoelekea, mtaiona. Lenzi ya milimita 70 kikomo chake ni kama sekunde 1.7, na kwa nyota zisizolingana ukali hata hapo haifiki, kwa hiyo watakaokuwa kwenye kilabu mwaka 2037 wataona nyota moja, na daftari lenu ndilo litakalowaambia kuwa darubini haijaharibika.

Nimebakisha mambo mawili yanayotaka mtu wa ana kwa ana. Ikiwa jaribio la pete limeonyesha zimesukumwa upande, au kila nyota kali ina mkia upande mmoja, usifungue lenzi ya mbele kwa bisibisi. Vioo viwili vya ndani vikirudishwa kinyume, darubini imekwisha. Ipeleke idara ya fizikia ya chuo kikuu kilicho karibu, au mngojee mtu mzoefu aje. Gari likiwa shida, picha ya pete iliyopigwa kwa simu kupitia kilenzi hutosha kuanzia mazungumzo.

La pili ni Jua. Darubini za msaada mara nyingine huja na kichujio kidogo cheusi cha kufunga kwenye kilenzi cha kutazamia, kimeandikwa kuwa ni cha Jua. Kitoe kwenye boksi ukiharibu leo, kwa sababu joto lililokusanywa na lenzi hukipasua ghafla mtu akiwa ametazama, na jicho halirudi. Kichujio salama hufunika mdomo wote wa mbele wa darubini na hakina mkwaruzo wala tundu. Hadi mpate hicho, na mtu wa kuwaonyesha mara ya kwanza, darubini ifungiwe kabatini mchana na ufunguo ukae kwako.

Alfa Kentauri itakuwa vizuri jioni hadi Agosti. Ikifika Oktoba inazama mapema, si muda mrefu baada ya Jua.